Geini Niliyomwekea Mzee wa Kwaya

Faili hilo bado ninalo kwenye kompyuta. Lina dakika 11. Ndani yake yumo mzee wa kwaya yetu, mtu aliyewafundisha sauti nne waimbaji wa vizazi vitatu huku Rungwe, akitoa nasaha siku ya jubilei ya kwaya na kisha akiimba ubeti mmoja kwa Kinyakyusa bila kinanda. Kila anapopandisha sauti, rekodi inakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye kokoto. Siku ile mimi ndiye niliyekaa kwenye mitambo.

Mzee alifariki mwaka uliofuata. Siku ya tatu ya msiba binti yake mkubwa alishuka hadi kwangu Soweto, hapa Mbeya mjini, kuiomba ile rekodi ili ndugu waliotoka mbali waisikie. Nilimpa kiti, nikamvalisha hedifoni. Akasikiliza kimya, mikono imeshika magoti. Kisha akazivua akauliza, "Mdogo wangu, mbona baba anakwaruza hivi? Siku ile alikuwa anaumwa koo?"

Hakuwa anaumwa koo. Koo lake lilikuwa zima. Nikamwambia ukweli: dada, si baba, ni mimi. Akaitikia kwa kichwa, akachukua fleshi, akaondoka nayo hivyo hivyo.

Naandika haya nikiwafikiria vijana wanaokabidhiwa miksa, ile mashine ya kuchanganya na kupima sauti, makanisani na kwenye kumbi, wakaonyeshwa pa kuwashia na pa kuzimia, basi. Nami nilikabidhiwa vivyo hivyo.

Siku ya jubilei tulianza kufunga vyombo saa kumi na mbili asubuhi. Ulikuwa mwezi wa saba, na anayeijua baridi ya mwezi wa saba kule juu anajua vidole vinavyokuwa: jeki unaishika lakini huisikii. Mzee aliwahi, kama kawaida yake. Nikamwamkia, nikampa maiki, nikamwomba atesti. Akaishika usawa wa kifua, akasema kwa upole, "Moja, mbili, tatu. Inatosha, kijana?" Taa za mita zilipanda mbili tu. Nikazungusha geini, kinobu kinachoikuza sauti ya maiki inapoingia tu kwenye miksa, mpaka ikakaribia mwisho. Moyoni nilikuwa namsaidia: ana zaidi ya miaka 80, sauti imechoka, acha nimbebe.

Zamu yake ilipofika aliichomoa maiki kwenye stendi, akaileta mdomoni kabisa, akatoa sauti ya mtu aliyejifunza kuimba kabla kijiji chake hakijaona spika. Taa nyekundu ya chaneli yake, yaani njia ya maiki yake kwenye miksa, ikawaka, haikuzima tena. Nikashusha feda, kile kitelezi cha chini. Ukumbini sauti ikapungua, waliokaa mbele wakaacha kukunja nyuso, nami nikatulia nikidhani nimerekebisha. Mkwaruzo ulikuwa palepale, umepungua ukubwa tu. Na rekodi ilikuwa inaendelea.

Aliyenielewesha nilichokifanya ni fundi mmoja wa Mwanjelwa anayetengeneza redio na amplifaya. Nilimpelekea faili nikiamini ipo programu ya kulisafisha. Alisikiliza nusu dakika hivi, akachukua kipande cha boksi na kalamu ya risasi, akachora mawimbi, yanapanda, yanashuka. Halafu akaweka rula juu ya mawimbi na kufuta kila kilichopita rula.

"Miksa ina paa na ina sakafu," akasema. "Umeme wake wa ndani una kikomo. Sauti ikitaka kupita paa haipiti, inakatwa kichwa. Ulichokisikia kinakwaruza ni vichwa vilivyokatwa."

Nikamwambia lakini nilishusha feda. Akaniita nje ya kibanda chake, akanionyesha mlima Loleza.

"Dogo, tuseme wamekata kilele cha Loleza, kimekuwa bapa kama meza. Wewe ukaondoka ukaenda mpaka Uyole, ukageuka kuutazama. Utauona mdogo, siyo?"

"Mdogo, ndiyo."

"Kilele kimerudi?"

"Hakijarudi."

"Basi feda ni safari ya Uyole."

Sijawahi kupata maelezo bora kuliko hayo, na tangu siku ile kila kijana ninayemfundisha namtoa nje kwanza akautazame mlima. Programu za kurekebisha zipo, zinakisia umbo la kichwa kilichokatwa, na kwa mkwaruzo wa hapa na pale zinasaidia. Nilizijaribu kwa rekodi ya mzee. Palipokatwa mfululizo zilinirudishia mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Nikaziacha.

Ninachotaka kieleweke ni hiki: geini siyo sauti ya ukumbini. Ni kazi ya mlangoni. Maiki ni kitu kichanga mno. Ile ya kushika mkononi, mathalani Shure SM58 ambayo ipo sokoni tangu 1966, ikipokea sauti ya kutosha hutoa takriban milivolti 2. Ndani, miksa nyingi hupenda kufanya kazi kwenye volti 1 na kidogo. Kwa hiyo kile kinobu cha juu kabisa cha chaneli kinaikuza sauti ya maiki mara mamia kadhaa kabla haijagusa kitu kingine chochote: besi na treble, mwangwi, feda, masta inayobeba sauti yote kwa jumla, rekodi, vyote vinakula kilichopikwa pale juu. Kikiungua pale, kimeungua kote.

Sasa rudi kwa mzee. Umbali wa mdomo na maiki ukipungua nusu, sauti inayoingia huongezeka karibu mara mbili, ndiyo desibeli 6 tunazozisema, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Kutoka sentimita 30 kifuani mpaka sentimita 3 mdomoni ni mara 10. Ongeza tofauti ya kuhesabu moja mbili tatu kwa adabu na kuimba kwa nafsi yote, hapo ni mara 10 nyingine, pengine zaidi. Nilimpimia mtu mmoja, akaja kuimba mtu mwingine mwenye sauti mara 100 ya yule wa kwanza. Hakuna miksa inayoweza kulihimili hilo bila kukata.

Ndiyo maana siku hizi simwombi mtu ahesabu. Namwomba aimbe pale anapopandisha zaidi kuliko pote. Watu wetu wana haya ya kuimba kwa nguvu ukumbi ukiwa mtupu, hasa kina mama, na hasa akiwa peke yake mbele ya kijana wa mitambo. Sasa nimezoea kuzungumza na mwalimu wa kwaya kabla: mwalimu, naomba wanipe kiitikio cha mwisho, kama vile Jumapili. Yeye akiwaongoza wanaimba kweli. Wakati huo feda ya chaneli iko chini, nimebonyeza kitufe cha PFL ili mita inionyeshe chaneli ile moja tu, na hedifoni ziko masikioni. Napandisha geini taratibu kutoka chini kabisa mpaka mita icheze kwenye sifuri, alama ya kazi ya kawaida ya miksa, na pale penye nguvu iruke hadi desibeli 6 hivi juu yake. Hapo nasimama. Nyekundu bado iko mbali, na umbali huo siuhesabu kuwa hasara, kwa sababu ibada ikishapamba moto hakuna anayeimba kama alivyotesti. Kisha ndipo feda inapanda hadi kwenye alama yake ya sifuri, na masta namaliza nayo kwa kusikiliza ukumbi.

Ile alama ya sifuri kwenye feda nayo ina sababu. Karibu na sifuri, kusogeza kidole milimita chache kunabadilisha sauti kidogo tu. Ukifanya kazi na feda ikiwa chini kabisa, milimita zile zile zinaruka desibeli nyingi, unapapasa kama mtu gizani. Nikiona kijana ana feda zote chini na masta chini, huwa siulizi, natazama geini zake.

Kuna desturi siipendi kabisa, na nitaisema: kuweka geini zote saa sita, yaani alama ya kinobu ikitazama juu kama mshale wa saa, kubandika utepe wa karatasi, na kukataza mtu asiziguse. Inatokana na hofu, na hofu naielewa. Lakini saa sita ya nani? Ya yule dada anayeimba solo kwa sauti ya kunong'ona, au ya mchungaji anayehubiri kwa kishindo? Kila mtu ana geini yake, na hata mtu yuleyule akipewa maiki ya aina nyingine geini yake inabadilika.

Hofu nami iliniingia. Baada ya msiba nilikaa miezi mingi nikiogopa nyekundu kiasi cha kuweka geini chini mno. Nikaenda kurekodi kwaya Iringa, maeneo ya Kihesa, wenyeji wakarimu sana, kila anayepita ni "kamwene" na kikombe cha chai. Mita haikufika hata katikati siku nzima, na nilijiona nimepona. Niliporudi na kupandisha sauti kwenye kompyuta, nyuma ya waimbaji kukawa na kelele ya shiii isiyokoma. Miksa yenyewe ina mvumo wake mdogo wa kuzaliwa nao. Sauti ikiingia changa, ukaja kuikuza baadaye, unaukuza na mvumo pamoja nayo. Kwaya ile waliikubali rekodi na kunishukuru. Mimi kila nikiisikia nasikia woga wangu.

Kuhusu vitu visivyo maiki sitakaa sana. Kinanda ni mtu mzima, hakitoi milivolti, kinaweza kutoa volti nzima, kwa hiyo mahali pake ni tundu la laini kwa jeki kubwa. Mbalizi nilikuta kijana amekifungia jeki ya pini tatu kwa sababu tundu la laini lilikuwa limekufa, akakichomeka kwenye tundu la maiki. Geini iko chini kabisa na nyekundu inawaka. Miksa yake ilikuwa na kitufe cha pedi cha kupunguza desibeli 20, hakijawahi kubonyezwa tangu inunuliwe. Tulikibonyeza, kinanda kikawa kinanda. Gitaa la kawaida la mbao lenye pikapu ndani, kile kinachonasa mtetemo wa nyuzi, na waya mrefu kwenda kwenye miksa, vinahitaji kiboksi cha DI kinachoigeuza sauti ya gitaa iingie kwenye miksa kama ya maiki, vinginevyo gitaa linasikika jembamba na waya unaokota kila mvumo uliopo jirani. Na maiki za kondensa zinazotaka umeme wa volti 48: zima chaneli kwanza, kisha chomeka, kisha washa, subiri kidogo. Ukichomeka kila kitu kikiwa wazi, mlio wake unatisha watoto na unaumiza spika.

Waya ndio nitauzungumzia zaidi, maana geini nyingi zinapandishwa kwa kosa la waya. Jeki ya maiki ina pini tatu. Pini 1 ni ngao, imeunganishwa na ardhi. Pini 2 na 3 zote zinabeba sauti ileile, ila moja imepinduliwa. Mvumo wa jenereta au wa waya wa umeme uliolazwa sambamba ukivamia njiani, unaziingia zote mbili kwa namna moja. Miksa inatoa moja kutoka kwa nyingine: mvumo unajifuta, sauti inabaki. Ndiyo maana waya mzuri wa mita 20 unakuwa kimya. Sasa waya ukakanyagwa, ukakunjwa kwenye kiwiko kila Jumapili, pini 3 ikaachia. Sauti haikatiki. Inadhoofika tu, na mngurumo wa umeme unaingia. Karibu kila nilipokuta hali hiyo, mtu alikuwa ameshapandisha geini kuifidia, na mngurumo umepanda nao. Nina kisanduku kidogo cha kupimia waya, na hakuna shughuli ninayoianza kabla ya kupitisha waya zote humo. Dakika kumi zinatosha.

Jambo jingine nililojifunza kwa kuwaumiza wengine: usiguse geini katikati ya wimbo ukidhani unarekebisha ukumbi. Spika za jukwaani zinazowarudishia waimbaji sauti yao zinachota baada ya geini. Nilishawahi kumpandishia solo geini kidogo, kidogo tu, maiki ikapiga mluzi kupitia spika iliyokuwa miguuni pake. Alishtuka, akapoteza maneno, akashuka jukwaani analia. Ukumbi ukitaka zaidi, feda ipo.

Na mvua. Tukuyu na vijiji vyake hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na makanisa mengi ya huko yana bati bila dari. Ikianza kunyesha katikati ya mahubiri, watu wanageuka kukutazama wewe wa mitambo, na mkono unakimbilia geini. Nimefanya hivyo mara nyingi kabla sijakubali kwamba geini haimjui mchungaji. Inakuza kila kinachofika kwenye maiki, na mvua inafika. Ukiongeza mara mbili, umeongeza mvua mara mbili, halafu mluzi juu yake. Kinachomtenganisha mtu na mvua ni umbali tu. Maiki ikisogea kutoka sentimita 12 hadi 3, sauti yake inaingia karibu mara nne zaidi na mvua inabaki palepale ilipokuwa. Kwa hiyo nawafundisha wahubiri na waimbaji ishara moja: nikigusa kidevu changu kwa ngumi, maana yake isogeze.

Mwaka jana, mwezi wa nne, simu iliita. Alikuwa yule binti wa mzee. Akaniambia, "Mdogo wangu, njoo umrekodi mama angali ana nguvu." Alivyolisema hilo bila kinyongo, baada ya yote, nilishindwa kujibu kwa muda. Nikabeba miksa ndogo, maiki moja, waya mbili na kompyuta, nikapanda gari la asubuhi.

Bibi alikuwa sebuleni, amejifunga kitenge kipya. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, umekonda." Nikaweka maiki kwenye stendi ndogo mbele yake, nikalaza geini chini kabisa. Sikumwambia ahesabu. Nilimwomba aniimbie mahali ambapo marehemu babu alikuwa akiwaambia waongeze nguvu. Alifikiri kidogo, akavuta pumzi, akaimba mstari mmoja. Ulikuwa wimbo uleule wa ile jubilei. Taa za mita zilipanda haraka kuliko nilivyotarajia kwa mwili ule mdogo. Nikaweka geini, nikatazama kompyuta: vilele vyake vilikuwa vinafika hasi 12 (kwenye kompyuta sifuri ndiyo paa), juu yake ni weupe mtupu. Nikaongeza? Sikuongeza.

Alianza kuzungumza, jinsi walivyokutana, safari za kwaya za miguu, nani aliimba sauti gani. Binti yake amekaa chini kwenye mkeka, hedifoni masikioni. Alipofika kwenye wimbo, ubeti wa pili, mvua ikaanza kugonga bati, kwanza tone moja moja, kisha kwa kishindo. Mkono wangu ulienda kwenye nobu. Nilipoinua macho ili nimpe ishara ya ngumi, Bibi alikuwa ameshaishika stendi kwa mkono wake na kuivuta mpaka mdomoni, macho ameyafumba, anaimba. Taa zikapanda hatua mbili. Nyekundu haikuwaka.

Binti alibana hedifoni kwa viganja viwili. Tuliacha ubeti wa tatu uishe, na wa nne.